Akikwaruza, Ondoa Mkono: Mwongozo wa Mlio wa Kujihami kwa Wafugaji wa Buibui na Nge

Nilikuwa ninabadilisha maji ya buibui wangu, saa tano usiku, hapa Old Kampala, Hajati wa mlango wa pili akaja kurudisha sufuria. Nilipoinua kifuniko tu, boksi likatoa sauti: shhh, krrr, shhh. Hajati akasimama palepale mlangoni.

“Mwanangu, gesi yako inavuja?”

“Hapana, Hajati. Ni buibui.”

“Buibui naye ana sauti?”

“Anayo. Ananiambia nitoe mkono.”

“Basi si uutoe!”

Hajati hajafuga kitu zaidi ya kuku, lakini alilosema ndilo ninalotaka kila mfugaji alishike. Mlio ule hutangulia kuuma. Mnyama anakupa nafasi, na nafasi hiyo ni ya sekunde chache. Wafugaji wapya wengi huikosa kwa njia mbili. Wako wanaoogopa hadi wanaacha kumhudumia, maji yanakauka bakulini. Na wako wanaofurahia, wakamchokoza kwa kijiti apige tena ili rafiki achukue video. Hawa wa pili wananiuma zaidi, na nitaeleza sababu.

Kwanza neno moja la sheria. Wanyamapori wa Uganda wako chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019, na anayetoa ruhusa ya kuwafuga ni mamlaka ya wanyamapori, UWA. Usichimbue buibui shambani kwa mjomba Masaka ukamleta mjini kwenye kaveera, mfuko wa plastiki. Ukitaka yule nge mkubwa mweusi wa Afrika Magharibi, Pandinus imperator, jua kwamba yumo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu mwaka 1995, kwa hiyo havuki mpaka bila karatasi. Wangu ni jike la Pelinobius muticus, yule buibui mkubwa wa rangi ya kutu wa mbuga za Kenya na Tanzania. Alizaliwa bokisini, na karatasi zake ziko kwenye faili.

Hatua ya 1: Jua anapiga kwa kutumia nini

Buibui hana koo wala mapafu ya kusukuma sauti. Anasugua. Sisi Uganda tuna bahati, maana kila mtoto amewasikia nsenene wakiimba msimu wao: dume husugua bawa juu ya bawa. Kanuni ni hiyohiyo. Ukitaka mfano mwingine, mtazame mpiga endingidi, ile fidla yetu ya uzi mmoja: upinde unapita juu ya uzi, sauti inatoka kwenye mkwaruzo. Tofauti iko kwenye kusudi. Nsenene anamwita mwenzake. Buibui mkubwa anayekwaruza mbele yako anamfukuza adui.

Sehemu zinazosuguana hutofautiana kutoka jamii hadi jamii, na inafaa uzijue za mnyama wako, kwa sababu zinakuonyesha mahali pa kuangalia:

Pelinobius wangu anasugua mapaja ya mguu wa kwanza na wa pili, ambako kuna nywele ngumu zilizoelekeana. Theraphosa blondi wa Amerika Kusini hutumia mapaja ya miguu ya mbele pamoja na vipapasio, ile jozi fupi iliyo kando ya mdomo. Nywele zake hunasana na kuachana, kama kanda ya kunata ya viatu vya watoto inapobanduliwa, na mlio wake husikika mita kadhaa. Jamii nyingine nyingi za Afrika na Asia zina nywele za mlio kati ya taya na sehemu ya chini ya vipapasio. Mwaka 1877 James Wood-Mason alimpa buibui mmoja wa Assam, India, jina la stridulans, yaani mwenye kukwaruza, kwa sababu ya tabia hii.

Nge nao wana yao. Pandinus husugua shina la gando lake dhidi ya shina la mguu wa kwanza. Parabuthus, nge wa sehemu zenye ukame mwenye mkia mnene na magando membamba, huleta mwiba wake mbele na kukwaruza mgongo wa pingili za kwanza za mkia. Opistophthalmus wa kusini mwa Afrika hutumia taya. Na yule mdudu wa kahawia mwenye taya kubwa mno, anayekimbia kasi usiku huko Karamoja na ambaye si buibui wala nge, naye husugua taya mbili zile moja kwa nyingine.

Njia nzuri ya kuyaona haya bila kumsumbua mnyama ni gamba. Buibui akijivua ngozi, usitupe. Liloweke kwenye maji vuguvugu yenye tone la sabuni kwa nusu saa, lilainike, kisha ulitandaze juu ya karatasi nyeupe. Mimi nilichukua paja la mguu wa kwanza, nikaligeuza upande wa nyuma, nikaweka lenzi ya fundi saa. Kwa macho matupu pale palikuwa na manyoya tu, kama kipande cha zulia. Chini ya lenzi nikaona nywele nene, nyeusi, zimesimama wima kama miiba ya nungunungu, katikati ya manyoya laini yaliyolala. Nikageuza paja la mguu wa pili, upande wa mbele: zilikuwepo pia, zinawatazama wenzao. Tangu siku hiyo nikisikia krrr najua ni kitu gani kinachogusana.

Hatua ya 2: Simama hapohapo

Ukisikia mlio, mkono usiendelee na usirudi kwa kasi. Usogeze nyuma polepole, kwa njia uliyoingilia. Kisha shusha kifuniko bila kukibamiza. Usimpulizie, maana pumzi juu ya nywele zake ni sawa na kumgusa. Usimbembeleze kwa maneno pia. Buibui hana masikio kama yetu. Dunia anaihisi kwa nywele nyembamba na vinyufa vidogo vilivyoko miguuni, vinavyopokea mtikisiko. Sauti yako ya upole haimtulizi, lakini goti lako likigonga meza atalihisi.

Basi hata mlio wake mwenyewe haujatengenezwa kwa ajili ya buibui mwenzake. Umetengenezwa kwa wenye masikio: nguchiro, kicheche, nyani anayepindua mawe akitafuta nge wa kula, na wewe. Usiku, ndani ya shimo, mkao wa kutisha hauonekani. Sauti inaonekana, kwa maana ya kwamba adui anaipata hata gizani.

Hatua ya 3: Msome mwili

Mlio peke yake haukuambii kila kitu. Ninaangalia mambo haya kwa mpangilio huu, kupitia kioo, kifuniko kikiwa kimefungwa.

Anakwaruza huku akirudi nyuma shimoni: ana hofu na ana pa kukimbilia. Mwache. Kesho.

Anakwaruza amesimama, miguu ya mbele juu, chonge wazi: hana pa kukimbilia, au anaamini hana. Hapa usiingize hata brashi. Buibui wa Afrika hawana zile nywele za kuwasha ambazo wale wa Amerika hujifuta tumboni na kuzirusha, kwa hiyo baada ya onyo kinachofuata ni kuuma.

Amelala chali, kimya, miguu imekunjika nusu: usimwite mtu kumzika. Anajivua gamba. Toka chumbani, na usimguse hata kwa brashi.

Nge akikunja mkia juu na kukwaruza kwa mwiba, mfikirie kuwa Parabuthus hadi umthibitishe vinginevyo. Kanuni ya kienyeji inasaidia, ingawa si kamili: magando membamba na mkia mnene, ogopa mwiba; magando manene na mkia mwembamba, sumu huwa nafuu, ila gando litakubana. Parabuthus transvaalicus wa kusini mwa Afrika anaweza hata kurusha sumu, kwa hiyo anayefuga jamii hii avae miwani kila akifungua boksi.

Hatua ya 4: Tafuta kilichomkera

Hii ndiyo kazi yenyewe. Buibui anayekwaruza mara moja kwa mwezi, ukiwa umemgusa kwa bahati mbaya, yuko sawa. Anayekwaruza kila ukikaribia boksi ana shida nyumbani kwake, na nyumba hiyo umemjengea wewe.

Nilijifunza hili kwa gharama ya wiki tatu za mnyama wangu. Nyumba ni ndogo, nikaona juu ya friji ni mahali pazuri: pana joto, watoto hawafiki. Tangu nimhamishie pale, kila nikigusa kifuniko, shhh krrr. Nikadhani ni tabia yake tu; watu husema Pelinobius ni mkali kwa asili. Kisha umeme ukakatika mtaa mzima, siku mbili. Usiku wa kwanza wa giza nilifungua boksi kwa mwanga wa tochi nimwekee maji, akajirudisha shimoni kimya. Usiku wa pili vilevile. Umeme uliporudi, friji ikanguruma, boksi likatetemeka kidogo mno, kiasi kwamba mimi nililihisi kwa kuweka ncha za vidole kwenye kioo. Nikainua kifuniko. Akakwaruza. Kumbe kwa wiki tatu alikuwa amekaa juu ya mtikisiko usioisha, na kila nilipofika alikuwa tayari amefika mwisho wa uvumilivu. Nilimhamishia kwenye rafu ya mbao iliyopigiliwa ukutani, chini yake nikaweka kipande cha godoro la sponji. Baada ya siku kadhaa alitulia.

Kwa hiyo anza na mtikisiko. Weka vidole kwenye kioo cha boksi dakika tano, mchana na usiku. Friji, jenereta ya duka la chini, spika za besi, mashine ya kusagia posho upande wa pili wa ukuta, matatu yanayopasha injini alfajiri.

Kisha shimo. Hawa ni wachimbaji. Pelinobius porini huchimba kwenda chini sana. Ukimpa sentimita tano za udongo umemweka uwanjani bila nyumba, na asiye na nyumba hupigana. Mpe kina cha sentimita 25 au zaidi. Mimi natumia udongo wa kichuguu uliotoka mahali ambapo hapajapuliziwa dawa: unashindiliwa vizuri, ukikauka hauporomoki. Unyunyizie maji, ushindilie tabaka kwa tabaka, kisha toboa tundu la kuanzia kwa shingo ya chupa ya soda, likiwa limelala mshazari. Atamalizia mwenyewe. Nafasi kati ya udongo na kifuniko iwe ndogo, isizidi sana upana wa miguu yake iliyonyooka, kwa sababu buibui mzito akianguka tumbo hupasuka. Ukimpa kazi fundi wa Katwe, mtaa wa mafundi hapa Kampala, mwambie asiweke wavu wa waya kwenye kifuniko. Kucha na chonge hunasa humo. Plastiki ngumu yenye matundu madogo inatosha.

Joto halina taabu Kampala. Hali ya hewa yetu, katika mwinuko wa karibu mita 1,200, inawafaa bila taa wala hita. Mwanga wa jua la moja kwa moja kupitia kioo ndio unaoua.

Halafu kuna mlio ambao wewe hujausababisha. Ukisikia anakwaruza usiku, mfululizo, hakuna aliyemgusa, amka. Kitu kimo ndani. Inaweza kuwa panzi uliyemwacha tangu jioni, anamtafuna miguu. Inaweza kuwa mjusi anayetembea juu ya kifuniko. Na msimu wa mvua inaweza kuwa siafu, hawa tunaowaita nsanafu. Siafu wakiingia kwenye boksi, buibui hana pa kukimbilia, na hawaachi kitu. Weka miguu ya meza au rafu ndani ya makopo yenye maji na mafuta kidogo juu yake, na usiruhusu pazia au waya wa simu uguse boksi ukawa daraja.

La mwisho kwenye hatua hii ni dawa ya mbu. Dawa za kupuliza na za kuchoma zina sumu ileile inayoua wadudu, na buibui hana kinga nayo. Akianza kutembea kwa kurukaruka, miguu ikitetemeka bila mpango, mhamishie mara moja kwenye boksi safi lenye hewa safi na maji. Nyumba yenye buibui hutumia chandarua.

Hatua ya 5: Kumhamisha bila kumfikisha kwenye kuuma

Siku ya kusafisha haiepukiki. Andaa vitu kabla ya kufungua: koleo ndefu ya sentimita 30, brashi laini ya rangi, kopo pana la plastiki linalopitisha mwanga, kama yale yanayouziwa odii (siagi ya karanga na ufuta), na kadi ngumu ya kuteleza chini yake. Funga mlango. Ziba uwazi wa chini ya mlango kwa taulo. Watoto wawe nje.

Mfunike kwa kopo polepole kutoka juu akiwa nje ya shimo. Akikwaruza ukiwa umefika nusu, simama, hesabu hadi sitini. Mara nyingi atashusha miguu. Akishusha, endelea. Akiwa bado amesimama, ondoa kopo, funga, jaribu kesho jioni. Sijawahi kupata sababu ya kusafisha iliyoshindwa kungoja siku moja.

Brashi haimsukumi, inagusa miguu ya nyuma tu ili asogee mbele. Usimvute kwa koleo. Usimshike kwa mkono, hata akiwa kimya miezi sita.

Nge akikutoroka chumbani, zima taa na umulike sakafu kwa ile tochi ya zambarau ya kukagulia noti. Ngozi yake inang'aa kijani-buluu, utamwona hata chini ya kabati. Mfunike kwa kopo.

Hatua ya 6: Kurekodi, kama ni lazima

Nimeahidi kueleza kwa nini uchokozi unaniuma. Kila mara anapokwaruza na kusimama, anatumia nguvu na anaacha kula au kuchimba. Anaposukumwa zaidi huuma kioo au koleo, na chonge iliyovunjika ni njaa hadi gamba lijalo, ambalo kwa buibui mkubwa linaweza kuwa mwaka mzima mbele. Pia akichokozwa kila siku huenda akaruka onyo na kuuma moja kwa moja. Huyo utakuwa umemtengeneza wewe.

Kwa hiyo rekodi zile nyakati ambazo ungemfungulia hata hivyo. Weka simu juu ya rafu kabla ya kufungua, isiguse boksi. Tumia kamera ya video badala ya programu ya kurekodi maongezi, kwa sababu programu nyingi za maongezi huchuja kelele za chini, na mlio wa buibui kwa masikio ya simu ni kelele tu: umesambaa kwenye masafa mengi, hauna noti moja. Zima feni. Andika tarehe, saa, ulichokuwa unafanya, na alisimama au alirudi nyuma. Daftari la shule linatosha. Baada ya miezi mitatu utaona mpangilio ambao kumbukumbu isingekuonyesha.

Hatua ya 7: Ukichelewa kuondoa mkono

Osha kwa sabuni na maji. Vua pete. Weka barafu iliyofungwa kitambaa. Parasetamoli kwa maumivu. Buibui wa jamii hii wanaweza kuleta maumivu makali na mikazo ya misuli inayokuja baadaye, kwa hiyo usikae peke yako siku hiyo. Nenda hospitali bila kungoja kama ni mtoto, kama ni nge mwenye mkia mnene, au kama kuna jasho jingi, mate kutoka, kupumua kwa shida au misuli kukaza. Piga picha ya mnyama uonyeshe. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba, na usipoteze saa ukitafuta jiwe jeusi la nyoka.

Hatua ya 8: Asipokwaruza tena

Kimya pia husomwa. Mnyama aliyezoea kutoa onyo akiacha ghafla, angalia tumbo: likiwa limesinyaa, ana kiu au ni mgonjwa, mwongeze maji kwenye bakuli pana lisilo refu. Likiwa limejaa, jeusi na linang'aa, anakaribia kujivua. Baada ya kujivua, nywele zake na chonge zake ni laini, hana silaha, hana sauti. Usimlishe hadi wiki mbili zipite kwa buibui mkubwa, na mlo ulio hai usiachwe humo.

Jike langu alijivua mwezi wa nne, mvua zikinyesha. Siku ya tatu nilimwekea maji, hakusogea. Siku ya saba alinyanyua mguu mmoja, akaushusha. Siku ya kumi na mbili niliinua kifuniko kidogo nikasikia krrr, fupi, mara moja, kutoka ndani ya shimo. Nikakirudisha kifuniko, nikaandika daftarini.